Gari Lililokatazwa Maji

Tulimwacha Veneranda amepiga magoti mbele ya boneti, sponji mkononi, na nyuma yake geti likilia bila mtu kupiga hodi. Sasa akageuka.

Mlangoni mwa banda alisimama mtu. Kofia ngumu ya bodaboda kichwani, kioo cheusi kimeshushwa mpaka kidevuni. Koti la mvua limefungwa vifungo vyote, na mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha.

"Kamwene," alisema.

Sauti ilikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji.

"Kamwene," Veneranda aliitika salamu ya Kihehe, mazoea tu. "Unamtafuta nani?"

"Bado unalo."

"Nina nini?"

"Gari."

Veneranda alisimama taratibu. Alikuwa na glavu mikononi na kitambaa kimemziba pua, na kwa dakika ile alijiona yeye ndiye aliyekamatwa akiiba.

"Kaka, usisogee tafadhali. Ndiyo kwanza nalipaka. Bado bichi."

Mtu yule akasogea.

"Jumamosi baba yako mdogo akija," alisema, "usiwe peke yako humu ndani."

"Wewe nani? Yeye ndiye kakutuma?"

Alinyoosha mkono wa kulia, akaupapasa ubavu wa gari bila kuugusa, kama mtu anayeota moto. Alipofika kwenye boneti akauweka. Kiganja kizima. Akakipiga taratibu mara mbili, vile mtu anavyompiga ng'ombe wake shingoni.

"Mkono wako, kaka. Utaniharibia kazi."

Mtu aliuondoa mkono, akauficha mfukoni, akatoka. Pikipiki ikanguruma nje, ikashuka na barabara ya Kihesa, kimya kikarudi.

Hasira zilimpanda Veneranda. Alichukua taulo laini akainama kuifuta ile alama kabla haijakauka. Dawa ya kauri, ile ya kulinda rangi ya gari, haisubiri mtu. Unaipaka kipande kwa kipande, mistari ya kulala kisha ya kusimama. Inameta rangi rangi kama mafuta ya taa juu ya maji, nawe unaifuta papo hapo. Ukichelewa, inashikana na gari na kuwa ngumu kama kioo. Kilichonaswa humo, kimenaswa.

Taulo lilikuwa karibu kugusa boneti. Mkono wake ukagoma hewani.

Alama ilikuwa ya dole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na kile kidogo cha mwisho. Pale palipopaswa kukaa kidole cha pete, palikuwa patupu.



Duniani alimjua mtu mmoja mwenye mkono ule. Kaka yake Ambrosi. Kidole chake kilibaki kwenye mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga kule Chimala, na yeye mwenyewe alikuwa akikifanyia mzaha: "Mimi hata nikioa, pete itakaa wapi?"

Na Ambrosi alikuwa amekufa.

Au ndivyo walivyoambiwa. Msimu wa mvua uliopita aliondoka na baba yao mdogo Jailos kwenda Chimala kutazama mpunga. Jailos alirudi peke yake, na kiatu kimoja. Alisema mto ulimbeba kijana, wakatafuta, wakakata tamaa. Wazazi wao walikwishatangulia, hivyo neno la Jailos likawa ndilo neno la ukoo. Maiti haikuonekana. Kilicholiliwa ni kiatu.

Kila mtu alilia isipokuwa Veneranda. Yeye alisubiri. Gari la Ambrosi, Korola nyeusi aliyoipenda kama mtoto, alilifungia bandani. Ile chupa ndogo ya kauri kaka yake aliinunua mwenyewe na kuiacha kabatini. Aliposikia kwamba Jumamosi wazee watakuja kutoka Uyole kuanua matanga, na kwamba gari la marehemu litakwenda kwa Jailos, aliitoa chupa ile. Siku mbili aliosha gari, akalisugua, akalifuta kwa spiriti. Mchana wake ulikuwa wa cherehani na saa zake nyingine zote zilikuwa za gari. Maiti hanunuliwi viatu vipya, alijiambia, na gari la maiti halipakwi kauri. Analipaka kwa sababu mwenyewe yu hai.

Sasa mwenyewe alikuwa amekuja na kuondoka, na dada yake alikuwa amemfukuza.

Veneranda alikimbilia getini. Barabara ilikuwa na kuku na vumbi.

Akarudi ndani, akalitupa taulo mbali. Kipande kile hatakifuta. Kikae kikauke hivyo hivyo. Kikikauka, hata wazee wa ukoo mzima wakikipigia nyundo hakitatoka. Alichohitaji ni kitu kimoja tu: boneti isipate maji, isiguswe, mpaka jioni.

Akatoa simu apige picha. Alipoitazama, aliona uso wake mwenyewe, mabati ya banda, na taa. Boneti iling'aa kama kioo cha kujitazamia. Akapiga ya pili akiwa ameinama, ya tatu akiwa amechuchumaa. Uso wake, mabati, taa. Mkono ulikuwa unaonekana kwa macho, kwenye simu haupo.

Na hapa, msomaji, ndipo binti huyu mwenye moyo mweupe alipofanya kosa.

Simu iliita. Jailos.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wazee nimeshapanga nao. Gari liko salama?"

Angesema ndiyo, akanyamaza. Lakini furaha ilikuwa imemjaa kifuani mpaka kooni, na alikuwa bado hajajifunza kwamba kuna watu habari njema haiwafurahishi.

"Baba, tusianue matanga. Ambrosi amekuja."

Kwenye simu, kule Uyole alikokuwa Jailos, lori lilipiga honi.

"Nani amekuja?"

"Ambrosi. Sikumwona uso, alivaa kofia. Ila ameweka mkono kwenye gari, alama ipo. Kidole cha pete hakipo."

"Aliongea?"

"Kidogo tu."

"Aliongea," Jailos alirudia, taratibu sana, kama mtu aliyeambiwa kwamba jiwe limeimba. "Sauti ilitoka?"

Veneranda alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Alikuwa hajamwambia kwamba sauti ilikwaruza.

"Picha umepiga?"

"Haishiki, baba. Gari linang'aa sana."

"Vizuri," Jailos alisema. "Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Asiione mtu. Naingia barabarani sasa hivi."

"Si ulisema Jumamosi?"

Simu ilikuwa imekatwa.

Veneranda aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kutoka Uyole mpaka Iringa ni safari ya kutwa kwa gari, na Jailos alikuwa mtu wa kukanyaga mafuta. Jioni atakuwa hapa. Mtu anayekuja mbio kumwona aliyefufuka huuliza yuko wapi, amekula, anaumwa? Jailos aliuliza habari ya sauti na ya picha.

Akampigia mwenyekiti wa mtaa aje awe shahidi wa ile alama. Mwenyekiti alikuwa kwenye kikao, lakini alisema akitoka atapita na mjumbe mmoja. "Jioni jioni hivi, binti. Mkono gani huo usiosubiri?"

"Njoo uuone kwanza, mwenyekiti. Nitakueleza."

Basi yakawa mashindano ya nani atafika kwanza.

Alifunga mlango wa banda, akakaa getini kama mlinzi. Hakukaa sana. Fanueli, dereva wa bajaji wa jirani, alipunguza mwendo na kutoa kichwa nje.

"Vene, mganga wako amekupa masharti mangapi?"

"Mganga gani?"

"Mtaa mzima unaongea. Unavaa glavu, unajiziba pua, unachora misalaba juu ya gari. Leo asubuhi mtoto kakuomba maji ya kuosha baiskeli, ukamfukuza, eti maji yasilikaribie gari. Sasa hilo si zindiko?"

"Ni dawa ya rangi, Fanueli."

"Ndiyo hiyo hiyo. Dawa." Alicheka, lakini bajaji ikakaa mbali na geti. "Watu wanasema unamzuia kaka yako asipumzike. Mimi sisemi kitu. Ila gari hilo silipiti upande wa kushoto."

"Na upande wa kulia?"

"Wa kulia napita haraka."

Akaondoka. Veneranda alitaka kucheka, akatazama juu, kicheko kikafa. Mawingu yalikuwa yameteremka kutoka milimani, meusi, yamebeba tumbo zito. Baridi ilipita chini ya sketi yake.

Banda haliwezi kuvuja, alijiambia. Mabati ni mazima. Mvua inyeshe inavyotaka, gari liko ndani.

Mvua ikaanza kwa matone makubwa ya kuhesabika. Kisha ikamwagika.

Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa banda aliposikia jina lake likiitwa kutoka barabarani, sauti ya mwanamke mzee, imekatika katika.

"Vene. Vene mwanangu."

Bi Mwantumu wa nyumba ya tatu alisimama nje ya geti, kanga imeganda kichwani, maji yanamtiririka puani. Babu zake walikuja Iringa kutoka pwani na biashara ya nguo, na hata sasa alisema Kiswahili kilichopigwa pasi. Leo kilikuwa kimejikunja.

"Mwanangu Saida ameshikwa na uchungu," alisema. "Mumewe Junaid yuko Mbeya. Bajaji ya Fanueli imezama pale kwenye mtaro. Gari la hospitali wanasema limekwenda kijijini."



Veneranda alikuwa ameahidi. Tangu tumbo la Saida lilipoanza kuonekana, alikuwa akimwambia: siku yako ikifika usihangaike, gari lipo, mimi nipo. Alisema hivyo akimpima gauni, akalirudia sokoni. Saida hakuwahi kuuliza mara ya pili. Aliamini.

"Ingia ndani, Bi Mwantumu, unalowa."

"Siingii."

"Kwa nini?"

Mama yule aliangalia banda, kisha miguu yake. "Nimekuja kwa kuwa sina pengine. Lakini sema kweli, Vene. Ulinambia mwenyewe unalipaka gari kauri."

"Ndiyo."

"Bibi yangu alikuwa akikimbia nyumba yenye kauri mkekani. Zikirushwa zile, mtu lazima atajwe. Mimi nimpandishe mwanangu, na mimba yake, kwenye gari la ramli?"

Hapo ndipo Veneranda alipoelewa uvumi ulikoanzia. Si kwa Fanueli. Ulianzia kwenye neno lake mwenyewe.

"Siyo kauri za baharini, Bi Mwantumu. Kauri ya vikombe."

"Vikombe vipi?"

"Vile vyako vya kabatini. Vyenye mdomo wa dhahabu, ulivyonikataza nisivishike."

"Vya marehemu mama?"

"Vile. Havishiki doa, ukivisuuza vinatakata. Gari nimelivika kitu cha namna ile. Hakuna aliyetajwa."

Bi Mwantumu alipangusa maji usoni. "Kwa hiyo hilo gari ni kikombe."

"Ni kikombe."

"Sasa kikombe na maji wana ugomvi gani? Mbona wasema lisiguswe?"

"Kwa sababu halijaiva bado."

"Na ukilitoa sasa?"

Veneranda alifungua mlango wa banda. Boneti ilimeta gizani, na juu yake mkono wa kaka yake ulikuwa umetulia, kana kwamba unasubiri kushikwa. Alifikiria turubai. Likigusa tu dawa bichi, mkono umefutika. Alifikiria mwenyekiti kikaoni, na Jailos barabarani, pengine ameshaipita Mafinga. Alifikiria kumwambia mama huyu asubiri kidogo, mvua ikate.

Kutoka nyumba ya tatu alisikia Saida akilia. Kilio kimoja kirefu, kisha kimya cha mtu anayeuma kanga.

"Nisamehe, Ambrosi," alisema kwa sauti ya chini, akawasha gari.

Mvua ililipokea gari kama iliyokuwa ikilisubiri. Matone yaligonga boneti, yakaviringika. Veneranda alijikaza asiangalie. Saida alipandishwa nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake.

"Nilijua utakuja," alisema Saida.

"Mimi sikujua," Bi Mwantumu alisema. "Kaza meno."

Wakashuka na njia ya udongo kuelekea lami. Pale kwenye mtaro bajaji ya Fanueli ilikuwa imelala ubavu kama mbuzi mgonjwa, imeziba nusu ya njia. Veneranda alikata kulia. Tairi za mbele zikateleza, zikaingia kwenye tope mpaka nusu, gari likatulia pua chini.

Akatia rivasi. Tairi zikalia, tope likaruka. Gari halikutikisika.

Wanaume walijikinga chini ya upenu wa duka, na Fanueli mmojawao. Veneranda alishusha kioo.

"Jamani, nisukumeni kutoka mbele. Nikirudi nyuma kidogo, nitapita njia ya juu."

Hakuna aliyesogea. Kusukuma kutoka mbele ni kuweka viganja juu ya boneti. Boneti ya gari lililokatazwa maji.

"Fanueli. Saida yumo humu."

"Namwona," Fanueli alisema kwa unyonge. "Vene, mimi nina watoto."

"Na huyu anatafuta wa kwanza. Njoo."

"Gari hilo haliguswi. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Sasa nasema liguseni."

Wakatazamana. Saida alilia tena, na safari hii hakuna aliyejifanya hakusikia. Lakini miguu yao ilibaki palepale, na mvua ikazidi.

Ndipo mtu alipotokea nyuma ya duka, kivuli tu kwenye kioo chenye mvua. Alishuka kwenye mtaro, tope likamfika magotini, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti, akainamisha kichwa, akasukuma.

Fanueli aliona aibu. Wanaume huona aibu haraka zaidi kuliko wanavyopata ushujaa, na mara nyingi inatosha. "Haya, twendeni," alisema, akaruka. Wengine wakafuata. Viganja vikajaa boneti nzima, vyeusi kwa tope, juu ya kile kimoja. Veneranda aliwaona kwa sekunde moja, akageuza shingo kutazama nyuma maana alikuwa kwenye rivasi na njia ilikuwa nyembamba. Aliposikia wakihesabu kwa pamoja, akakanyaga mafuta. Gari likakohoa, likachomoka.

Hakugeuka kutazama tena. Alipita njia ya juu, mbele ya kanisa, wipa zikipiga kama moyo.

"Vene," Saida alisema katikati ya pumzi. "Yule wa kwanza. Nilipoinua kichwa, alikuwa amekuelekea wewe tu."

"Wa kwanza yupi?"

"Mwenye kofia ya pikipiki."

Veneranda alitazama kwenye kioo cha nyuma, akaona mvua tu.

Hospitalini wauguzi walikuja na machela. Veneranda alishuka, na kabla ya kuwafuata, hakuweza kujizuia. Alitazama boneti.

Mikono. Mikono mitupu ya tope, mikubwa, mipana, imepandana kama majani makavu. Dawa ilikuwa imechanika mistari mistari, na alama ya asubuhi imesuguliwa ikapotea. Lakini kando, karibu na taa, kulikuwa na kiganja kipya cha tope. Dole gumba, cha shahada, cha kati, cha mwisho. Mvua ilikuwa tayari imeanza kukila, kidole kimoja kimoja.

"Dada, unakuja au unaosha gari?" muuguzi aliuliza.

Akaja.

Ndani kulikuwa na korido, mlango wenye pazia la kijani, na benchi chini ya dirisha. Bi Mwantumu alikwenda kuandikisha. Kabla ya pazia kufungwa, Saida alimshika Veneranda mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Usiondoke. Mama akinisikia nalia naye atalia, nitamwogopea yeye. Wewe kaa hapo nje. Nikikuita, uitike tu."

"Nitaitika."

"Kila nikiita."

"Kila ukiita."

Pazia likafungwa. Veneranda akaketi. Simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe kutoka kwa Jailos.

*Nimefika kwako. Geti liko wazi. Gari liko wapi?*

Hata hajaumaliza, ukaingia wa pili.

*Kuna kijana hapa wa bajaji anasema uko hospitali. Vizuri. Nakuja.*

Veneranda aliinuka. Alitazama nje kupitia kioo kilichofungwa. Uwanja wa hospitali ulikuwa ziwa. Korola ilisimama katikati yake.

Kando ya Korola ilikuwapo pikipiki, na kando ya pikipiki, mtu.

Alikuwa ametazama dirishani moja kwa moja. Taratibu alipeleka mikono chini ya kidevu, akaanza kufungua mkanda wa kofia.

Veneranda alipiga kioo kwa kiganja. Mvua juu ya bati ilimeza kila kitu. Alionyesha kwa mkono kule barabarani, ondoka, anakuja, ondoka. Mtu yule alitikisa kichwa, pengine kwa kutoelewa, pengine kwa kukataa. Akainua kofia hadi mdomoni. Palionekana kidevu. Chini ya kidevu, kovu pana lililozunguka shingo yote kama alama ya kamba.

Mto hauachi kovu la namna hiyo.

Hadi mlango wa nje ilikuwa hatua chache tu. Angekimbia, angemfikia kabla ya Jailos. Angeuona uso ule. Angejua, moja kwa moja, kama ndiye yule aliyemlilia kwa kutomlilia msimu mzima. Alikwisha kugeuka, mguu mmoja umeshatangulia mbele.

"Vene?"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, ndogo, imechoka.

"Vene, upo?"

Nje, mtu mwenye kofia alisubiri. Alinyoosha ule mkono wake, akamwita.

Taa za gari zikaonekana mbali kwenye lango la hospitali, zikikata mvua, zikija.

Veneranda aliligeuzia dirisha mgongo. Alisogea mpaka kwenye pazia, akaegemeza paji la uso kwenye fremu ya mlango, na alipojibu alihakikisha sauti haitetemeki.

"Nipo."

Nyuma yake, pikipiki ikawaka. Ikanguruma, ikazunguka ua, ikafifia upande ambao hakuuona. Milango ya gari ikafunguliwa na kubamizwa. Viatu vizito vikaanza kupanda ngazi za korido.

"Vene?"

"Nipo hapa, Saida. Siendi popote."